Kabla uvishe gari lako rimu mpya, soma nambari zake

Ukitaka kujua kama Kagio kuna pesa, usiangalie majumba. Angalia magari. Msimu wa nyanya ukikubali, au mpunga wa Mwea ukipata bei, wiki chache baadaye utaona Vitz, Demio, Fielder na Probox mpya mpya mjini. Mpya kwa mwenyewe, si unaelewa. Gari lenyewe lilishatembea Japani, likatembea Nairobi, na sasa ndio limefika Kirinyaga. Na kitu cha kwanza ambacho kijana anafanya akishapata logibuku si kubadilisha oili. Ni kutafuta rimu.

Sikulaumu. Zile rimu za chuma zenye vifuniko vya plastiki vilivyofungwa kwa kamba hazimpendezi mtu. Lakini rimu na tairi si kama viatu, kwamba ikikuingia basi imekutosha. Hapo ndipo wengi wetu tunachomeka, na wengine wanachomeka kwa kasi ya 100 kwenye barabara kuu ya Kenol–Sagana–Marua, mahali ambapo hakuna nafasi ya kujaribu tena.

Rimu nyingi za mtumba zinazouzwa huku zimetoka Nairobi, pale Kirinyaga Road, ile barabara ya spea iliyobeba jina la kaunti yetu. Muuzaji atakuambia, "Hizi zinaingia Toyota zote, bro." Hiyo sentensi moja imekula watu chapaa nyingi. Hakuna rimu inayoingia Toyota zote. Kabla utoe M-Pesa, soma nambari. Si ngumu, ni hesabu ya shule ya msingi tu.

Anza na mlango wa dereva

Fungua mlango wa dereva, angalia kwenye nguzo ya mlango. Utapata kibandiko kidogo. Kama gari lilitoka Japani, maandishi yatakuwa ya Kijapani, lakini nambari ni nambari. Kibandiko hicho kinakuambia saizi ya tairi ambayo gari liliundiwa, na presha yake. Presha imeandikwa kwa kPa. Ukiona 220, hiyo ni karibu 32 kwa kipimo cha psi ambacho kijana wa petroli anatumia.

Mfano, Vitz nyingi za kizazi cha pili zilitoka kiwandani na tairi ya 165/70R14. Nambari ya kwanza, 165, ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili, 70, ni urefu wa ubavu wa tairi kama asilimia ya huo upana. R inakuambia jinsi nyuzi za ndani zilivyopangwa, na siku hizi karibu tairi zote za magari madogo ni R. Ya mwisho, 14, ni kipenyo cha rimu kwa inchi.

Sasa tupige hesabu. Asilimia 70 ya 165 ni 115.5. Huo ni ubavu mmoja. Kuna ubavu juu ya rimu na mwingine chini, kwa hivyo mara mbili, 231. Rimu ya inchi 14 ni milimita 355.6, kwa sababu inchi moja ni milimita 25.4. Jumlisha, unapata karibu 587. Hicho ndicho kipenyo cha tairi nzima, na ndiyo nambari ambayo hutaki kuivuruga.

Ukitaka kupanda hadi rimu ya inchi 15, tairi ya 185/55R15 inakupa karibu 585. Tofauti ni milimita 2. Gari halitajua. Lakini jamaa akikuuzia rimu za inchi 15 ambazo tayari zimevaa 195/65R15, hizo zina karibu 635. Umeongeza milimita 48, yaani zaidi ya asilimia 8. Kipimo ambacho mafundi wengi wa tairi hufuata ni kwamba tofauti isizidi asilimia 3.

Asilimia 8 inafanya nini? Kwanza, tairi inaanza kusugua bodi ukikata kona au ukipita bampu na watu wanne ndani. Pili, speedometa inaanza kukudanganya. Kama ilikuwa inasoma sawa, sasa ikikuonyesha 50 wewe uko 54, na ikikuonyesha 100 uko 108. Mwambie hiyo hadithi polisi mwenye kamera pale mjini, ambapo mwisho ni 50. Tatu, injini ndogo ya Vitz inazungusha gurudumu kubwa kuliko ilivyopangiwa, na ukianza kupanda kutoka Kagio kuelekea Baricho na Kerugoya utaisikia ikilia. Nne, breki zinafanya kazi zaidi kusimamisha gurudumu lilelile kubwa.

Mashimo yasikudanganye

Saizi ya tairi ikishakubali, nenda kwa rimu yenyewe. Utasikia mafundi wakisema "4x100" au "5x114.3". Nambari ya kwanza ni idadi ya mashimo ya nati. Ya pili ni kipenyo, kwa milimita, cha duara linalopita katikati ya mashimo hayo. Vitz, Demio na Honda Fit ni 4x100. Nissan Tiida ina mashimo 4 pia, lakini ni 4x114.3. Kwa macho zinafanana. Kwa gari hazifanani hata kidogo, na ukisikia mtu anataka kupanua mashimo ili ziingie, chukua rimu zako uende nyumbani.

Halafu kuna lile tundu kubwa la katikati, ambalo watu wengi hata hawaliulizii. Hilo ndilo linalokaa juu ya habu. Chukua Premio na Subaru Impreza ya zamani. Zote ni 5x100, na ndiyo maana utaona Premio nyingi zimevaa rimu za Subaru. Lakini tundu la rimu ya Subaru ni milimita 56.1, na habu ya Premio ni 54.1. Rimu inaingia, ila inacheza kwa milimita 2. Bila pete ya kujaza hiyo nafasi, rimu inaweza kukaa kando kidogo, na ukifika 80 usukani unaanza kutetemeka. Utapeleka gari alaimenti mara tatu, utabadilisha shoki, na shida bado iko palepale. Pete ni kitu kidogo cha plastiki au alumini. Iulizie. Ukigeuza mambo, rimu ya Premio kwa Subaru, haiingii kabisa bila kuchongwa.

Nati nazo zina mambo yake. Stadi za Toyota zina uzi wa 12x1.5, za Subaru na Nissan ni 12x1.25. Nati lazima ifuate stadi ya gari, na kichwa chake kifuate umbo la shimo la rimu. Kuna rimu za aloi zinazotaka nati ya bapa yenye washa, na nyingine zinataka nati yenye mdomo wa koni. Ukifunga koni kwenye shimo la bapa, inashika sehemu ndogo tu ya chuma. Itakaza leo, italegea kesho.

Nyuma ya rimu utaona pia herufi ET na nambari. Hiyo inakuambia rimu itakaa ndani au nje kiasi gani. Ukitoa rimu ya ET45 na kuweka ya ET20 yenye upana uleule, gurudumu linatoka nje kwa milimita 25. Inapendeza kwa picha, najua. Lakini beringi za magurudumu zinabeba uzito kwa njia ambayo hazikupangiwa, na usukani unakuwa mzito. Spesa zinafanya kitu kilekile.

Wewe wa Probox, hii ni yako

Huku kwetu Probox ni ng'ombe wa kulima. Inabeba makreti ya nyanya asubuhi, mifuko ya mchele mchana, na jioni inabeba watu. Sasa angalia ubavu wa tairi, baada ya saizi. Kuna nambari na herufi, kama 81S au 88N. Nambari ni uzito ambao tairi moja inaweza kubeba ikiwa na presha inayofaa. 81 ni kilo 462. 88 ni kilo 560. Herufi ni kasi ya mwisho.

Probox nyingi zilitoka Japani na tairi za mizigo, zenye herufi LT. Mtu akizitoa na kuvalisha tairi za kawaida za Vitz kwa sababu ni za bei nafuu na rimu ni za kung'aa, amepoteza karibu kilo 100 za uwezo kwa kila gurudumu. Mzigo haujapungua. Ubavu unakunjika, unapata joto, na tairi inapasuka ikiwa imebeba. Ukiwa na gari la kazi, pendeza kwa rangi, si kwa tairi.

Wenye Subaru na gari lolote linalovuta magurudumu yote manne, tairi zenu zote nne lazima ziwe na kipenyo kimoja, na zilike karibu sawa. Ukichanganya mbili mpya na mbili zilizoisha, mfumo wa kugawa nguvu katikati unafanya kazi muda wote hata barabara ikiwa imenyooka. Hiyo ripea inaweza kuzidi bei ya tairi zote nne. Hata kwa magari mengine, tairi mbili za ekseli moja ziwe pacha.

Barabara zetu pia zina maoni

Kabla uende inchi 17 na ubavu mwembamba kama chapati, fikiria unapita wapi. Udongo mweusi wa Mwea mvua ikinyesha unaujua. Mashimo ya barabara za mashambani unayajua. Ubavu wa tairi ndio unaomeza pigo kabla lifike kwa rimu. Ukiwa mwembamba, rimu inapinda au kupasuka. Rimu ya aloi iliyochomelewa ni kitu cha kuogopa, kwa hivyo unaponunua ya mtumba, igeuze, iangalie kwa ndani. Muuzaji hupaka rangi mbele.

Tairi nayo isome umri. Tafuta nambari 4 za mwisho baada ya herufi DOT. 2319 maana yake ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka wa 2019. Kashata zinaweza kuwa ndefu na tairi iwe imezeeka na kupata nyufa. Na ndani ya mifereji kuna vijivimbe vyenye kimo cha milimita 1.6. Kashata zikishuka hadi hapo, hiyo tairi imeisha, hata kama muuzaji anasema "iko nusu".

Kwa hivyo siku ukienda kununua, beba picha ya kibandiko cha mlango kwenye simu, na uandike vitu vitano: saizi ya tairi, mpangilio wa mashimo, tundu la katikati, ET, na nambari ya uzito. Muuzaji akikosa kujibu kimoja, huenda kimechapwa nyuma ya rimu au ubavuni mwa tairi. Upate nafasi ya kujaribu rimu moja mbele na moja nyuma, ukate usukani mpaka mwisho pande zote, na usikilize.

Ukishafunga zote, tembea kilomita 50 hadi 100, kisha urudi kwa fundi akaze nati tena kwa spana ya kupima. Usione haya kumrudisha. Ni kazi ya dakika tano, na hata akikuitisha ya chai, mpe.