Sauti ya Bibi Ilivyoponea Shimoni

Nilitoka Makina, Kibera, kwa bodaboda kwenda Kawangware, kompyuta ya kupakata i mkobani na sijaizima. Ndani yake mlikuwa na sauti ya marehemu bibi akisoma maulidi. Pikipiki ikaingia shimoni, na moyo ukanidunda.

Fundi wa Kawangware alinionyesha diski mbovu iliyo wazi. “Ni mfano wa santuri, bwana. Sahani huzunguka, nyingi mara 5,400 kwa dakika, lakini sindano huelea tu. Ikigusa, imekwaruza.”

Kumbe tangu mwaka 2003 IBM iliweka kihisi cha mtikiso katika baadhi ya kompyuta zake. Programu hukisoma, na ikitambua kuanguka huamuru sindano ikae kando. Mfumo wa Linux nao ulipata programu ya kukisoma mwaka 2005. Kuanguka kutoka mezani hakufiki nusu sekunde, basi amri sharti iwahi.

Yangu haina kihisi hicho. Alhamdulillahi, sauti ilisalimika. Fundi akaniusia: zima kabla ya kubeba, na uwe na nakala. Tahadhari kabla ya hatari, ndugu msomaji. Nakala ya bibi sasa iko kwa dada yangu, Mombasa.