Ndege, Walinzi wa Bustani

Silibwet, katika Kaunti ya Bomet, ni nchi ya majani chai. Lakini kando ya michai watu hulima pia mahindi, kabichi na sukuma wiki. Tangu viwavijeshi walipoingia Kenya mwaka 2017, wakulima wengi wamekimbilia sumu. Sumu haichagui: humuua kiwavi, humdhuru ndege amlaye, na masalia yake huweza kubaki katika mboga tunazowapikia watoto wetu.

Ilhali Mwenyezi Mungu ametujaalia wasaidizi. Mbayuwayu huwanasa wadudu warukao. Yangeyange huandama ng'ombe akidona panzi. Na bundi, tumchukiaye bure kwa kumdhania uchuro, huwinda panya usiku. Hata ndege wengi walao nafaka huwalisha makinda yao wadudu.

Akina mama wa bara na wa pwani, tuwakaribishe. Tuache ua wa miti hai wapate kujenga viota. Tuwawekee maji katika chombo kipana, tuyabadilishe kila siku yasizalishe mbu. Tuwakanye watoto wasiwapige kwa manati. Miche michanga tuifunike kwa wavu, kwani ndege naye hudonoa.

Na akidonoa, tusihuzunike. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa alichopanda Muislamu, kikaliwa na mtu, ndege au mnyama, huandikwa kwake sadaka. Nayo Surat Al-An'am, aya ya 38, yatukumbusha kuwa ndege nao ni umma kama sisi. Basi tuishi nao kwa wema.