Elektroni Zinazoponyoka, Kuanzia Kiazi cha Mau Narok Hadi Pafu la Mkulima

Kata kiazi cha Shangi kilichotoka kuchimbwa Mau Narok, kisha kiache mezani huku ukipika chai. Uso uliokuwa mweupe utaingia wekundu hafifu, halafu hudhurungi, na ukikawia utakuta umekuwa mweusi. Kisu kimepasua seli, na kimeng'enya kilichokuwa kimetengwa humo kimekutana na kemikali ziitwazo fenoli. Kimezinyang'anya elektroni na kuzikabidhi oksijeni ya hewani. Wauza chipsi huviacha viazi walivyomenya ndani ya ndoo ya maji, na wanafanya vyema, maana humo oksijeni ni haba na weusi hukawia.

Mmenyuko wa aina hii, kitu kimoja kikitoa elektroni na kingine kikizipokea, huitwa ridoksi. Ndio unaokula bati kwa kutu, na ndio unaotuweka hai. Ndani ya mitokondria, elektroni zilizotokana na chakula hupita kutoka protini moja hadi nyingine kama kijiti katika mbio za kupokezana, mpaka zifike kwa oksijeni na kuzaa maji. Nguvu inayopatikana njiani ndiyo inayoendesha moyo, misuli na ubongo. Hata Mau Narok, kwenye mwinuko unaopita mita 2,700, ambako kila pumzi ina oksijeni pungufu kwa zaidi ya robo kuliko Mombasa, kazi hiyo haisimami.

Lakini si kila elektroni hufika mwisho wa safari. Chache huponyoka, na oksijeni inayookota moja tu hugeuka superoksaidi, kitu kikali kinachoweza kuzaa vingine vya kujeruhi utando wa seli na DNA. Mwaka 1969, Joe McCord na Irwin Fridovich wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walionyesha kwamba mwili una kimeng'enya maalumu cha kuivunja superoksaidi. Mabaki yake humalizwa na walinzi wengine, akiwemo glutathioni. Glutathioni ikishatoa elektroni zake haifai tena mpaka ijazwe upya, na anayeijaza ni molekuli iitwayo NADPH. Akiba hiyo ikikauka, seli imebaki bila ngao.

Parakwati huikausha kwa namna ya kutisha. Dawa hii ya kuua magugu iliingia sokoni mwaka 1962, na wakulima wa Kenya wameitumia kwa miaka mingi. Ikipigwa asubuhi yenye jua, majani hunyauka siku hiyohiyo, kwa sababu hudaka elektroni zilizosukumwa na mwanga ndani ya jani na kuzitupia oksijeni. Mtu akiimeza, hata kwa bahati mbaya kwa sababu mtu fulani aliimimina kwenye chupa ya soda, mambo ni yaleyale. Seli za vifuko vya hewa kwenye mapafu huifananisha na kemikali zinazozihitaji na kuivuta ndani, hadi ikolee humo kuliko kwenye damu. Hapo huchukua elektroni kutoka NADPH, huipa oksijeni, hubaki mikono mitupu na kurudi kuchukua nyingine. Yenyewe haiishi, kinachoisha ni akiba ya seli. Mapafu hujaa makovu na hewa haipiti tena.

Hakuna dawa ya kuipinga sumu hii. Kilicho kigumu zaidi kwa jamaa waliosimama kando ya kitanda ni kwamba daktari hujizuia kumwekea mgonjwa oksijeni mapema, kwa kuwa oksijeni ndiyo kuni za moto huo. Umoja wa Ulaya haujairuhusu parakwati tangu mwaka 2007. Dawa yoyote ya shambani haifai kutolewa kwenye chombo chake cha asili, hata kwa siku moja.

Wauzaji wa vidonge vya kuzuia uoksidishaji, yaani unyang'anyaji huu wa elektroni, wangependa tuamini kuwa jawabu ni kumeza zaidi. Ushahidi unawakatalia. Nchini Finland, wanaume 29,133 waliokuwa wakivuta sigara walishirikishwa katika utafiti uliotangazwa mwaka 1994, na waliopewa beta-karotini, kimojawapo cha vizuizi hivyo, walipata saratani ya mapafu kwa wingi zaidi, si kwa uchache. Isitoshe, chembe nyeupe za damu huitengeneza superoksaidi makusudi ili kuua bakteria. Kuifuta yote kungekuwa kujivua silaha.

Upande wa pili wa jambo hili, wa mwili usiotengeneza NADPH ya kutosha, ulichunguzwa na mtu wa Bonde la Ufa. Anthony Allison, aliyekulia kwenye nyanda za juu za Kenya, ndiye aliyeonyesha mwaka 1954 uhusiano wa selimundu na malaria. Mwaka 1960 alichapisha matokeo kuhusu upungufu wa G6PD miongoni mwa watu wa Afrika Mashariki: hali ya kurithi iliyo nyingi mahali palipo na malaria nyingi. G6PD ni kimeng'enya kinachotengeneza NADPH. Chembe nyekundu za damu hazina mitokondria, hivyo hazina pengine pa kuipata. Mwenye upungufu huo anaweza kuishi miaka mingi bila dalili yoyote, mpaka ameze dawa inayonyang'anya elektroni, kama primakuini au dapsoni. Chembe hupasuka, mkojo ukawa wa rangi ya chai nzito, damu ikapungua ghafla. Kwa sababu hiyo dawa ya malaria iitwayo Lapdap, iliyokuwa na dapsoni ndani yake, iliondolewa sokoni mwaka 2008, miaka michache tu baada ya kuanza kutumika Afrika.

Primakuini haikutupwa. Dozi moja ndogo, miligramu 0.25 kwa kila kilo ya uzito, inatosha kuzuia mgonjwa wa malaria asiwaambukize mbu, na tangu mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani linaikubali bila kipimo cha G6PD. Kwa tiba ndefu ya siku 14 ya dawa hiyohiyo, tone la damu hupimwa G6PD kwanza.