Fahamu: Ubao mama wa seva ya nyumbani Misisi
Ubao mama wa seva ya kuhifadhia mafaili nyumbani huchaguliwa kwanza kwa umeme unaokula. Misisi, mji wa machimbo ya dhahabu katika teritwari ya Fizi, sola na jenereta ndizo tegemeo, na seva inayowaka usiku kucha humaliza betri. Ubao wenye prosesa ya Intel N100, ya wati 6, unafaa kuliko ule wa kompyuta ya michezo. Ukiwa wa kupokea volti 12 hadi 19, hauhitaji hata inverta. Kisha yahesabiwe matundu ya SATA: mawili yatosha diski zinazonakiliana, manne huacha nafasi ya kuongeza. Memori ya ECC hurekebisha makosa madogo ya data, ila si kila ubao huikubali. Wai-fai ni pambo tu kwa seva inayounganishwa kwa kebo.