VM Yako Imekataa Kuwaka na Projekti ni ya Kesho? Tulia Msee, Usifute Kitu!

Picha ndio hii. Ni saa tano usiku, uko kwa keja, na kesho asubuhi unasimama mbele ya malec kutetea projekti umepiga miezi minne. Kila kitu kiko ndani ya Ubuntu, na hiyo Ubuntu inakaa ndani ya VirtualBox kwa lapi yako ya Windows. Jioni stima ilipotea, betri ya lapi si unaijua vile huwa, ikazima pap. Sasa stima imerudi, unawasha VM, na inakuonyesha maandishi meupe kwa skrini nyeusi. Halafu kimya.

Ngoja hapo hapo. Usifute VM, usianze kuinstall upya, na usifuate ushauri wa yule beshte anakuambia "ristore tu ile snapshoti." Mara nyingi kinachomaliza kazi ya mtu si ile shida yenyewe, ni vile aliparamia kuirekebisha.

KWANZA JUA VM NI NINI

Manze, VM ni folda tu. Ingia kwa folda ya jina lako kwa Windows, utapata ingine inaitwa VirtualBox VMs. Faili inayoishia na .vdi ndiyo diski, kumaanisha Ubuntu na mafaili yako yote. Inayoishia na .vbox ni setingi: RAM ngapi, diski gani imechomekwa. Kando yake kuna .vbox-prev, nakala ya setingi za awali.

Sasa sikia hii vizuri. Kama umewahi kuchukua snapshoti, kuna folda ingine inaitwa Snapshots. Tangu siku ulichukua snapshoti, kazi yako mpya haiandikwi kwa ile .vdi kubwa, inaandikwa kwa faili za humo ndani. Ukifuta moja hapo kwa mkono ndio upate nafasi, umekata mnyororo, na VM haitajua diski yake iko wapi.

HATUA YA KWANZA KABISA: KOPI

Funga VirtualBox yote. Chukua folda nzima ya hiyo VM, ikopi kwa hadi diski ya nje. Ukisoma kitu kimoja tu kwa hii stori, iwe hiki. Ukiwa na kopi, unaweza kujaribu chochote ju ukiharibu unarudi nyuma.

Flashi ikikataa na kusema faili ni kubwa sana hata kama nafasi iko, shida ni FAT32, haibebi faili moja inayozidi GB 4. Ifomati iwe exFAT, lakini toa vitu vyako kwanza ju kufomati kunafuta kila kitu. Na hiyo kopi iache ilale huko, usiiongeze kwa VirtualBox. Ina kitambulisho sawa na diski ya kwanza na VirtualBox itazikataa zikiwa mbili.

SASA TUCHEKI UGONJWA

1. Lapi yenyewe imejaa. Diski ya VM huongezeka pole pole kila ukiweka vitu, na ukifuta ndani ya Ubuntu hairudi kuwa ndogo. Siku drive C inajaa, VM inasimama katikati ya kazi. Cheki nafasi, safisha Downloads na Recycle Bin, toa zile muvi. Kama VM ilikuwa imejipozi tu, iendeleze, usiizime kwa nguvu.

2. Inalalamika kuhusu VT-x au AMD-V. Hapa hakuna kitu imepotea, pumua. Ile nguvu ya prosesa inayobeba VM imezimwa kwa BIOS, kitu inaweza kutokea BIOS ikirudi kwa setingi za kiwandani. Zima lapi, iwashe ukibonyeza F2, F10 au Del kulingana na lapi yako, tafuta Intel Virtualization Technology, au SVM Mode kama ni AMD. Iwashe, sevu, toka.

3. VM imeandikwa Saved na inakataa kuendelea. Hii inaweza kukupata baada ya kuapdeti VirtualBox. Bonyeza VM na kitufe cha kulia cha mausi, chagua Discard Saved State. Ni kama kuchomoa kompyuta kwa soketi: yale ulikuwa hujasevu yataenda, lakini diski inabaki.

4. Inasema "No bootable medium found". Inatafuta diski haioni. Enda Settings, kisha Storage, cheki kama .vdi yako bado iko hapo. Pengine ulihamisha folda. Kama diski iko, ingia System ucheki Enable EFI. Kama uliinstall Ubuntu ikiwa imewashwa halafu mtu akaizima, haitawaka. Irudishe vile ilikuwa.

5. Imekwama kwa neno initramfs. Hii ndio ya wasee wa stima kupotea. Mafaili yalikatwa yakiandikwa na Ubuntu inaogopa kuendelea. Andika exit ubonyeze Enter, itakutajia sehemu ya diski yenye shida, mfano /dev/sda2. Kisha andika fsck -y /dev/sda2, ukiweka ile ilikutajia wewe. Iache imalize, halafu andika reboot. Ndio unaona kwa nini tulianza na kopi? Hii komandi inarekebisha diski yenyewe, na mara zingine inatupa vipande haiwezi kuunganisha.

6. Inawaka nusu, halafu skrini nyeusi. Inaweza kuwa apdeti imeharibu, ama diski ya ndani ya Ubuntu imejaa. VM ikianza tu, shikilia Shift, ama ugonge Esc kama unatumia EFI, upate menyu ya GRUB. Ingia Advanced options, jaribu kerneli ya zamani. Ikikataa, chagua recovery mode, kisha root. Andika mount -o remount,rw / halafu df -h uone kama kuna sehemu imefika asilimia 100. Kama imejaa, apt clean na journalctl --vacuum-size=100M zitakupa nafasi ya kupumua.

IKIKATAA KATAKATA

Saa nane usiku, umejaribu zote, bado. Sawa, wachana na kuponya VM, okoa kazi. Daunilodi ISO ya Ubuntu, ni kubwa so panga bando mapema, iweke kwa Storage ya hiyo VM kama CD, na uiwashe ukichagua Try Ubuntu, si Install. Fungua programu ya mafaili, bonyeza diski yako ya zamani, ingia home, na huko utapata folda yako. Firefox iko humo humo, kwa hivyo pandisha kazi kwa Drive au ujitumie kwa imeli. Kesho utatetea projekti kwa lapi ya beshte, na malec hawatajua ulipitia nini.

Na ile snapshoti? Kuristore kunarudisha VM nyuma hadi siku ile uliichukua. Kama ni ya mwezi jana, kazi ya mwezi mzima inaenda. Ukilazimika, VirtualBox itakuuliza kama itunze hali ya sasa kwanza. Weka tiki hapo, usipite haraka.

Alafu tuambiane ukweli: snapshoti si bakap. Inakaa kwa folda ile ile, kwa diski ile ile, kwa lapi ile ile ambayo mwizi wa mathree anaweza kupita nayo. Pusha kazi kwa Git kila jioni, zima Ubuntu kwa njia ya kawaida kabla kufunga lapi, na folda ya VM ikopi nje kila wikendi. Ni dakika chache tu, na zitakuokolea miezi minne.