Je, Wajua? Lushoto, mji mdogo wa milimani

Lushoto, mkoani Tanga, uko mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari, katika Milima ya Usambara Magharibi. Gari huiacha barabara kuu pale Mombo na kupanda kona kwa kona zaidi ya kilomita 30, kukiwa na matenga ya kabichi na mapeasi kando ya njia.

Wajerumani waliuita Wilhelmstal, kwa heshima ya Kaisari wao.

“Mji mdogo” pia ni neno la kisheria: kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 1982, mamlaka ya mji mdogo huwa ndani ya halmashauri ya wilaya, na eneo lake hugawanywa katika vitongoji. Wenyeviti wa vitongoji, wanaochaguliwa na wakazi, huingia kwenye baraza la mamlaka hiyo. Kwa hiyo usiidharau kura ya kitongoji: jitokeze upige.