Mtoto Aliyevimba Taya
Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, mganga Denis Burkitt alionyeshwa mtoto aliyevimba mataya. Ilikuwa kansa, nayo hushika watoto wa Kongo vilevile. Dawa yake hupigwa kwa sindano, na wengi hupona. Lakini ni kali: mtoto hutapika, kinywa huota vidonda, nywele humwanguka (baadaye huota tena). Ndipo hulia, “Mama, turudi nyumbani!” Wakirudi kabla ya kumaliza dawa, uvimbe huweza kurudi.

Nani atamzuia? Mwuguzi anayemwita kwa jina lake. Hamdanganyi: “Itauma kidogo. Nishike mkono.” Uji humpozea, maana wa moto huchoma vidonda. Hata mfagiaji humwamkia kila asubuhi, “Mzee, umelalaje?” Naye mzee wa miaka sita hucheka.